Jumapili Iliyoandikwa Ijumaa

Jumatatu, 3 Machi

Leo asubuhi mikono yangu ilikosa kazi. Kwa miaka kumi na minne, kila ikifika saa moja na nusu, simu ya ofisi ililia, mpima maji akanisomea namba kutoka darajani, nami nikaiandika kwenye ukurasa wetu: tarehe, kina cha mto, kisha neno moja, SALAMA au HATARI. Basi. Ukurasa ule ulikuwa kama ubao wa matangazo uliopigiliwa ukutani. Mwandishi mmoja, wengine wote macho.

Leo umezimwa. Mahali pake pana ramani. Darajani pamefungwa kifaa kinachopima maji chenyewe na kutuma namba kila robo saa, na mtu yeyote mwenye simu anaweza kubonyeza mahali alipo na kuandika anachokiona. Aliyeitengeneza ni binti mmoja mwembamba anayeongea kuliko redio. Ofisini tumeshambatiza Chiriku.

"Mama, sasa watu wenyewe ndio wataandika," aliniambia. "Sisi tunawapa uwanja tu."

"Na wakiandika uongo?"

"Wenzao watawasahihisha. Halafu hakifutiki kitu. Kila neno linabaki na saa yake."

Nikasema vizuri. Nikaenda chooni nikanawa uso mara mbili.

Kazi yangu sasa inaitwa mhariri wa ramani. Nasoma tu. Ndiyo maana nimenunua daftari hili. Mkono uliozoea kuandika kila asubuhi haujui kukaa.

Jumatano, 5 Machi

Mvua bado haijaanza. Watu wanaijaribu ramani. Mmoja kaandika, "Hapa kuna mbwa mkali." Mwingine, "Mke wangu ukisoma hii, rudi na funguo." Chiriku kacheka hadi akapaliwa na chai.

Jumapili, 9 Machi

Mvua ya kwanza, tangu alfajiri. Sasa tuna zamu hata Jumapili. Zamani hatukuwa nazo.

Jumatatu, 10 Machi

Saa kumi na mbili na dakika tano asubuhi, taarifa moja: "Ngazi ya tatu." Jina la mtumiaji: Nipo.

Nilibonyeza ile alama kuona iko wapi. Ipo Bondeni, mstari wa chini kabisa, kando ya maji. Nyumba za mstari ule zilibomolewa na mafuriko, miaka sita iliyopita. Haziko. Hakuna anayeishi pale. Palipobaki ni ngazi za zege tu, kumi na mbili, zinazoshuka mtoni.

Jumanne, 11 Machi

"Ngazi ya tatu." Nipo. Saa ile ile.

Jumatano, 12 Machi

"Ngazi ya tatu na nusu."

Ijumaa, 14 Machi

"Ngazi ya nne." Nimelinganisha na kifaa cha darajani. Ngazi ya tatu kutoka chini ni mita moja nukta sita, ya nne ni moja nukta nane. Hakosei hata kidogo. Chiriku kafurahi: "Mama, huyu ndiye mtumiaji wetu bora! Angekuwa mfanyakazi tungempandisha cheo."

Mimi sikufurahi. Nilifungua kabati nikatoa ramani ya karatasi ya tume iliyochunguza mafuriko yale, ile yenye namba za nyumba. Alama ya Nipo imekaa juu ya nyumba namba kumi na saba. Pembeni yake tume iliandika kwa kalamu nyekundu: mwanamke mmoja, amefariki.

Nimeirudisha ramani kabatini, nikafunga kwa ufunguo.

Jumamosi, 22 Machi

Mvua siku tano mfululizo. Ngazi ya nne, ya nne, ya tano, ya tano, ya nne. Sasa naamka kabla ya kengele ya simu. Ikifika saa kumi na mbili na dakika sita hajaandika, nafungua ramani upya kila dakika. Akiandika, naifungua vilevile.

Mume wangu kaniuliza, "Huyo unayemsubiri kila alfajiri ni bwana gani? Niambie tu nijue kama nianze kupika mwenyewe." Anapenda utani, tangu aache kazi ya kuchomelea vyuma hana mwingine wa kumtania. Nilicheka kwa ajili yake.

Jumatatu, 31 Machi

Leo nilimwandikia. Mhariri anaruhusiwa kumjibu mtumiaji. Nilifuta mara nne, kisha nikaandika, "Asante kwa taarifa zako. Je, unaishi karibu na hapo?"

Amejibu saa hiyo hiyo: "Niliishi."

Jumapili, 6 Aprili

Sina budi kuliandika, hata kama ni hapa tu.

Ukurasa wa zamani ulitaka mtu awe ofisini ili ubadilike. Jumamosi na Jumapili ofisi ilifungwa. Lakini watu walilalamika kwamba mwisho wa wiki namba ni ya Ijumaa, na Mkuu wa ofisi akanifokea. Basi nikabuni njia yangu. Kila Ijumaa jioni nilikuwa naandaa kurasa mbili, ya Jumamosi na ya Jumapili, na namba za kukisia, na kuziagiza zijitokeze kila moja kwa siku yake. Mto hauruki, nilijiambia. Ukiwa moja nukta tatu Ijumaa, Jumapili utakuwa moja nukta nne. Nilifanya hivyo miaka miwili na hakuna aliyejua. Mkuu alinisifu kwamba ukurasa sasa haulali.

Ijumaa ile tulikuwa na safari ya harusi ya mpwa wa mume wangu. Mume alikuwa nje ya ofisi anapiga honi. Niliandika harakaharaka: Jumapili, mita 1.4, SALAMA. Nikachukua mkoba.

Usiku wa Jumamosi mvua ilinyesha milimani, si kwetu. Mpima maji alipiga simu ya ofisi hadi alfajiri, ikalia kwenye chumba kitupu. Jumapili asubuhi mto ulichukua mstari wa chini wa Bondeni. Watu kumi na mmoja. Na wakati maji yanapanda, kwenye simu za watu ukurasa wangu ulikuwa unawaambia, kwa tarehe ya siku hiyo hiyo, kwamba mto uko salama.

Jumatatu nilifika ofisini kabla ya wote. Nikaifuta ile namba. Ukurasa ule haukuwa na kumbukumbu. Ukiandika juu, cha chini kinakufa. Tume ilikuja, ikauliza kuhusu simu, zamu, mpima maji. Hakuna aliyeuliza kuhusu ukurasa. Mpima maji ndiye aliyestaafishwa.

Waliousoma waliondoka na maji. Ndivyo nilivyojua, hadi alipokuja huyu.

Jumatatu, 7 Aprili

Ngazi ya tano.

Jumanne, 8 Aprili

Ya tano. Mimi si mtu wa mizimu. Lakini leo nilipoona jina lake likiwaka kwenye skrini nilisema kwa sauti, "Nimekuona, mama." Kwa nini nilisema mama sijui. Chiriku aligeuka akanitazama.

Jumapili, 13 Aprili

Mvua kubwa. Chiriku ameniambia kuna watu wamejenga tena Bondeni, sehemu ya juu ya ngazi. Mabati, nyumba kama mia hivi. Wengi wanatumia ramani. Alifikiri atanifurahisha.

Alhamisi, 17 Aprili

Ngazi ya sita. Kifaa: 2.2. Sawasawa.

Jumanne, 22 Aprili

Nitaandika ilivyokuwa kabla sijachanganya.

Zamu ilikuwa yangu. Nilifika saa kumi na moja na nusu, mvua ya ndoo, taa za ofisi zinafifia na kurudi. Kifaa cha darajani kilionyesha 1.9. Ramani yote kijani. Nilishangaa kidogo, maana jana ilikuwa 2.2 na mvua haikukatika, lakini nikasema labda milimani imepungua.

Saa kumi na mbili na dakika tano: "Ngazi ya saba." Nipo.

Ngazi ya saba ni 2.4. Nikatazama kifaa. 1.9. Robo saa ikapita. 1.9. Robo saa nyingine, 1.9, bila kutikisika. Mto wenye mvua ile hautulii namna hiyo. Nikakumbuka magogo yanayokwama darajani.

Saa kumi na mbili na dakika arobaini: "Ngazi ya tisa. Kwenu kijani. Maji kama siku ile."

Nilisimama. Nikakaa. Ramani imetengenezwa isigeuke nyekundu mpaka watu watatu tofauti waandike hatari, ili mtu mmoja asizue hofu. Wengine wote walikuwa ndani, wamejifunika, wanangoja mvua iishe. Pale nje alikuwepo yeye peke yake. Lakini mhariri anaweza kubadilisha rangi kwa mkono.

Nikampigia Mkuu. Nilisikia watoto wake wakijiandaa kwenda shule.

"Kifaa kinasema ngapi?"

"Moja nukta tisa. Lakini kimekwama, Mkuu. Kuna mtu yupo pale mtoni, anasema—"

"Mtu gani? Unamfahamu?"

"Simfahamu. Ila hajawahi kukosea tangu Machi."

"Sikiliza, mama. Tukiwakurupusha watu mia tano bure leo, kesho nani atatusikiliza? Kifaa kile tulifungiwa na wataalamu. Usiguse kitu. Ninakuja."

Hakusema upumbavu. Ni maneno ambayo na mimi ningeyasema. Kutoka kwake hadi ofisini ni dakika arobaini.

Niliweka simu chini. Nikaandika: mita 2.8. HATARI. ONDOKENI BONDENI SASA. Safari hii namba sikuibuni. Nilipewa na mtu aliyeiona kwa macho. Nilikosea nenosiri mara mbili. Kisha nikabonyeza, na ramani ikageuka damu.

Kwa dakika tatu hakukuwa na kitu. Nilidhani imegoma. Halafu alama moja ikawaka, juu ya ngazi. "Kweli, maji yapo nyuma ya choo chetu." Nyingine. "Tunatoka." Nyingine tatu kwa pamoja. Chiriku akaingia, kalowa chapachapa, akakaa bila kuvua koti. "Daraja dogo limekatika, piteni kwa juu, shuleni." "Nyumba ya mlango wa bluu kuna bibi hawezi kutembea." "Nipo karibu, namfuata." Hiyo ilikuwa ya Nipo mwenyewe. "Shule imefunguliwa, mlinzi ana funguo." "Nani kamuona mtoto wa sweta ya njano?" "Yuko na mimi." Sikuandika hata neno moja. Watu walikuwa wanashikana mikono mbele ya macho yangu, na mimi nimekaa nalia kama mtu aliyefiwa. Chiriku akasema, "Usilie, mama, inafanya kazi," naye analia.

Saa mbili kasoro dakika kumi: "Ngazi zimekwisha." Nipo.

Saa mbili na robo maji yalipita Bondeni yote. Tulisikia kutoka ofisini. Mkuu alikuwa amesimama nyuma yangu na ufunguo wa gari mkononi.

Jumatano, 23 Aprili

Wamehesabiwa shuleni. Wote wapo. Nyumba tisini hazipo, watu wote wapo. Mkuu anawaambia wageni, "Tuliamua kuwaonya mapema."

Saa kumi na mbili na dakika tano: hakuna.

Alhamisi, 24 Aprili

Hakuna.

Jumapili, 27 Aprili

Hakuna. Nimeuliza shuleni. Wanasema kuna mwanamume aliyemleta bibi mgongoni, akageuka akarudi mtoni. Hawamjui jina. Kwa hiyo ni mwanamume. Wiki sita moyoni nilikuwa nikimwita mama.

Ijumaa, 2 Mei

Mkuu ameniita ofisini kwake, kafunga mlango. Nilidhani ni kwa sababu nilimkaidi. Kumbe ni cheti. Tarehe kumi na mbili, mbele ya wageni, nitapewa cheti cha mtumishi mwaminifu. Kasema nivae kitu chenye rangi.

Mwaminifu. Nilirudi mezani nikakaa hadi wenzangu wakaenda nyumbani.

Jumapili, 4 Mei

Nimemwambia mume wangu. Alikuwa anakaza skrubu ya kiti. Nilimwambia yote, kurasa za Ijumaa, ile namba, na asubuhi ile ya Jumatatu. Nilitegemea utani, kwa kuwa ndiyo dawa yake ya kila kitu. Aliweka bisibisi chini taratibu, akatoka nje, akasimama kwenye manyunyu karibu saa nzima.

Aliporudi aliuliza jambo moja. "Ijumaa ile, mimi ndiye niliyekuwa napiga honi?"

"Ndiyo. Lakini si honi yako iliyoandika."

"Najua," alisema. "Nauliza tu nijue nilipokuwa."

Tuna miaka ishirini na sita ya ndoa. Leo nimeona nimemjua nusu yake.

Jumatatu, 5 Mei

Niliomba ruhusa asubuhi, nikaenda Bondeni kwa mara ya kwanza katika miaka sita. Matope hadi vifundoni. Mto umerudi chini, ngazi zimejitokeza tena, na kwenye ngazi ya nne kulikuwa na mwanamume anakwangua matope kwa koleo. Mzee kidogo kuliko mimi, mikono ya mwashi, ile yenye nyufa za saruji.

Nilimsalimu. Akaitika bila kuacha kazi.

"Wewe ndiye Nipo?"

Akainua kichwa. "Simu yangu ilikwenda na maji, ndiyo maana siandiki. Wewe ni wa ile ramani?"

"Mimi ndiye niliyebadilisha rangi."

Alifuta mkono kwenye suruali, akanipa. "Ahsante sana, mama. Umeokoa watu."

"Usinishukuru bado."

Alinikaribisha ngazini, akaniwekea mfuko wa saruji mtupu nikalie. Akaniambia ngazi zile alizijenga mwenyewe, alipomwoa mkewe, ili asiteleze akienda kufua. Akasema kila alfajiri anakuja kuzihesabu, kwa sababu tangu siku ile haamini namba ya mtu mwingine.

Nikamwambia. Sikujipamba. Nilimwambia namba ya Jumapili niliiandika Ijumaa, nikaifuta Jumatatu, na nikanyamaza miaka sita, hadi mpima maji akabeba mzigo wangu.

Alikwangua tope mara mbili. Kisha akauliza, sauti ya chini kabisa: "Uliandika ngapi?"

"Moja nukta nne. Salama."

"Na tarehe?"

"Ya Jumapili."

Akaliweka koleo chini.

"Nilikuwa kwenye jengo, mji wa mbali," alisema. "Alinipigia saa kumi na mbili asubuhi. Akasema, baba, mto unanguruma, lakini wameandika salama. Nikamwambia, tazama tarehe, wewe na macho yako, usije ukawa unasoma ya juzi. Akasema ni ya leo, moja nukta nne. Nikamwambia basi kaa, nitakupigia saa nne." Aligeukia mto. "Nilipofika, Jumatatu, nikafungua ule ukurasa mwenyewe. Hakuna Jumapili. Hakuna moja nukta nne. Nikasema, mwanamke huyu hakutazama vizuri. Nilimwambia atazame. Miaka sita nina hasira na maiti, mama. Kaburini kwake sijakanyaga hata siku moja. Nilikuwa nakuja hapa kugombana naye."

Neno samahani nilikuwa nimelibeba tangu nyumbani, nikaona ni dogo, nikaliacha mdomoni.

"Alisoma vizuri," alisema. Hakuwa akiniambia mimi.

"Alisoma vizuri," nikamjibu.

Akajifunika uso kwa mikono yake yenye matope. Baadaye akasema, "Nenda, mama. Sikufukuzi kwa ubaya. Niache naye kidogo."

Nilipanda ngazi bila kugeuka.

Jumanne, 6 Mei

Nimemwambia Mkuu. Alinisikiliza hadi mwisho, akasema, "Nani alikuuliza?" Kisha, "Umenitia kisu, mama." Kisha akaomba nitoke.

Jumatano, 7 Mei

Kabla hawajaninyang'anya nenosiri, niliandika kwenye ramani, juu ya nyumba namba kumi na saba: jina langu kamili, namba niliyoiandika, siku niliyoiandika, siku niliyoifuta, na kwamba mpima maji alipiga simu usiku kucha. Nikabonyeza. Sasa hata mimi siwezi kuyafuta.

Chiriku alisoma nikiwa nimekaa pembeni yake. Nilingoja aniambie lolote. Alihamisha kiti chake hadi dirishani, akafanya kazi huko mpaka jioni. Ana haki.

Alhamisi, 8 Mei

Watu wanaandika chini ya maneno yangu. Nimesoma yote, mia mbili na kitu. Wapo wanaonitukana. Mmoja anasema mamake pia aliiona namba ile na hakuna aliyemwamini. Mwingine kaandika majina kumi na moja, bila neno la zaidi. Mpima maji, ambaye sikujua kama anajua kutumia simu, kaandika: "Nilipiga mara thelathini na moja. Nilihesabu."

Jumatatu, 12 Mei

Hakukuwa na cheti. Nimesimamishwa kazi hadi tume mpya ikae. Wamenitaka nisitoke nje ya mji. Niende wapi?

Jumapili, 18 Mei

Mvua zinaisha. Mume wangu amenipikia uji, ukaungua, akasema ni mtindo mpya. Tulicheka kidogo, kisha tukaunywa hivyohivyo.

Jumamosi, 24 Mei

Chiriku amekuja nyumbani. Hakuingia ndani, alisimama mlangoni na simu mkononi. "Kuna ujumbe wako umeingia kwa mhariri," alisema. "Mhariri ni mimi sasa. Nimeona ni haki yako." Alinisomea. Mwashi amepata simu nyingine. Ameandika:

"Kesho nakwenda makaburini kumwomba radhi mke wangu. Naomba usije."

Chiriku alingoja kama nina jibu. Nilimwambia amwandikie kwamba nimesoma.

Jumapili, 25 Mei

Sikwenda. Nilikaa mlangoni hadi saa saba mchana, nikakadiria kwamba ameshamaliza kusema naye na amerudi, kisha nikaingia ndani.